Sikio la Kulia

Bilha Jelagat hakuwa mtu wa kuuliza. Ukifika kwake unakuta chai yako imeshatiwa sukari, na ukimwambia hunywi sukari anakujibu kwamba utazoea. Kanisani aliniandikisha kwaya ya akina mama wakati nimesafiri. Niliporudi nikakuta nimepangiwa sauti ya pili na kitambaa cha sare kimeshakatwa kwa vipimo alivyovikadiria mwenyewe kwa macho. Kamande, aliyekuwa na ofisi ya kupeleka wahudumu majumbani kwa wazee, alitafutiwa mchumba na Bilha kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba anatafuta. Ubaya ni kwamba mambo yake mengi yalikaa vizuri. Kamande alioa na akanenepa. Mimi naimba sauti ya pili mpaka leo. Mtu wa aina hiyo ni vigumu kumgombeza, maana kila ukifungua mdomo anakuonyesha faida uliyopata.

Tuliishi jengo moja Takoma Park, Marekani, yeye ghorofa ya pili na binti yake Chebet, mimi juu yao na mwanangu Godlisten. Mimi ni mtu wa Moshi, naitwa Euphrasia, na miaka ile nilikuwa nikikaa ndani ya kibanda cha vioo kwenye maegesho ya magari mjini Washington, nikipokea tiketi na kurudisha chenji. Yeye ni Mnandi wa Kapsabet, Kenya. Alikuwa na duka la vitambaa huko, akafiwa na mume, akacheza bahati nasibu ya viza kwa kusukumwa na shemeji yake, akashinda yeye na shemeji akakosa. Alikuja Marekani na mtoto mmoja, sanduku moja, na picha za ndugu zake zimeviringishwa ndani ya sweta ili vioo visivunjike.

Picha hizo alizitundika kabla hajanunua hata kitanda. Alizipanga kama zinavyopangwa sebuleni kwao, na kwetu pia: juu kabisa karibu na dari, zimeinama kidogo kumtazama mgeni, kila moja na kitambaa chake cha kufuma. Kwa Bilha, nyumba isiyo na picha ukutani ilikuwa nyumba yenye tatizo, na tatizo likionekana ni lazima mtu alishughulikie, na mtu huyo ni yeye.

Kati ya picha zile zilikuwamo za sisi tuliokutana naye huku. Hapa inabidi nieleze, maana vijana wa sasa hawajui. Miaka ile, mpaka walipobadilisha mwaka 2004, Uhamiaji wa Marekani haukutaka picha ya kutazama mbele kwa ajili ya kadi ya ukaazi. Walitaka ugeuze uso kidogo, sikio la kulia lionekane lote, bila hereni. Kwa nini sikio, na kwa nini la kulia, hakuna aliyewahi kunieleza. Sote tuliopita njia ile tunayo picha hiyo, nywele zimebanwa nyuma, macho yametazama pembeni, sura ya mtu anayeogopa kupumua asije akakosea. Bilha ndiye aliyewasindikiza wageni kwenda kupigwa. Alisimama nyuma ya mpiga picha akifoka, "Sikio, sikio," na nakala moja alijichukulia kwa ajili ya ukuta wake. Hakuomba, bila shaka.

Sasa Bi Opal. Alikuwa mzee wa Kizungu wa miaka themanini na sita, mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya mbao mitaa michache kutoka kwetu. Mumewe, Walter, alikuwa dereva wa basi la mji. Hawakujaaliwa mtoto. Bilha alipelekwa kwake na Kamande mwaka 2001, na ndani ya mwezi mmoja wakawa hawaachani. Walicheza karata wakidanganyana waziwazi. Bi Opal alimfundisha kupika mkate wa unga wa mahindi, na Bilha alirudi jioni ile akicheka peke yake ngazini, kwa sababu Bi Opal alikuwa ameumega mkate ule ndani ya glasi, akaumiminia maziwa yaliyoganda, akala kwa kijiko.

"Mama Godlisten, huyu mzee anakula ugali na maziwa lala," aliniambia. "Nimeona na macho yangu."

Alimpenda, na nalisema wazi kwa sababu Bilha mwenyewe asingelisema. Alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na babu. Hakuwahi kuwa na mama wa kumchana nywele, wala wa kumtukana akichelewa kurudi. Bi Opal alifanya vyote viwili.

Kitu kimoja tu kilimkera. Nyumba nzima ya Bi Opal haikuwa na picha ya mtu. Hapakuwa na ya harusi wala ya Walter na basi lake. Mbele ya kiti chake palikuwa na ukuta mtupu wenye maua ya karatasi yaliyofifia. Bilha aligusia, akajibiwa, "Sipendi kutazamwa." Akagusia tena wiki iliyofuata, akajibiwa hivyohivyo. Mtu mwingine angeelewa.

Mwaka 2003, mwezi wa Septemba, Bilha alikuwa akitafuta sindano apandishe upindo wa gauni la Bi Opal. Kwenye droo ya nyuzi, chini kabisa, akakuta picha. Jioni aliniita kabla sijavua koti.

"Kuja uone kitu. Angalia sikio."

Alikuwa nayo kwenye mkoba. Alikuwa ameiazima, kwa maneno yake. Nikaiangalia. Msichana wa Kizungu wa miaka kumi na mitano hivi, nguo ya pamba nzito isiyo na ukosi, nywele zimebanwa nyuma. Uso umegeuzwa kidogo, sikio la kulia liko wazi lote. Macho yalikuwa mazito, meusi, na mdomo umelegea. Kifuani ameshika kibao chenye namba.

"Na hii namba?"

"Si ni ya file. Ata mimi niko na yangu. Wewe huna A-number ya Uhamiaji?"

"Bilha, huyu Mzungu. Anataka kadi ya ukaazi ya nini?"

"Kwani Wazungu wote walizaliwa hapa? Hebu fikiria. Kiingereza chake ata Chebet haelewi, na huyo amesoma hapa. Chakula chake ni kama chetu. Siku moja aliniambia, 'nilipoletwa huku'. Nani analetwa? Huyu ni immigrant, Mama Godlisten. Alikuja akiwa mtoto, akapoteza watu wake wote, na ata hajawahi pata mtu wa kumwambia pole."

"Wewe umemuuliza?"

"Birthday yake ni October. Nitamfanyia surprise."

Macho yale mazito alisema ni fundi wa picha aliharibu. Wa kwao Kapsabet walikuwa wakiharibu zaidi ya hapo. Na mimi sikuona sababu ya kubisha. Ukishaishi na picha ya sikio, ukiona nyingine unaijua kama unavyomjua mtu wa kijiji chenu kituo cha basi.

Akaipeleka ikakuzwa, ikatoka na ukubwa wa sinia. Akanunua fremu ya dhahabu, akaifumia kitambaa cheupe. Ya asili akairudisha kwenye droo. Siku ya siku tulikwenda akina mama wa kwaya, Jumamosi mchana, na keki ya njugu. Bi Opal alifurahi kutuona. Alivaa blauzi ya buluu, akakaa kwenye kiti chake, akatuuliza majina na kuyakosea moja baada ya jingine. Picha ilikuwa ukutani mbele yake, imefunikwa kanga yangu, na Bilha alikuwa amemwambia ni zawadi, asubiri. Tulikata keki. Kila mtu akashika sahani yake. Tukasimama nusu duara tukitazama ukutani, tunatafuna, na Bilha akavuta kanga.

Bi Opal aliitazama picha, kisha akatutazama sisi, mmoja mmoja, na sahani zetu. Mikono yake ilipanda kwenye mashavu kama mtu anayetaka kujifunika, halafu ikashuka.

"Waambie waondoke," alimwambia Bilha kwa sauti ndogo.

Akainuka mwenyewe bila fimbo, akaingia chumbani, akafunga kwa ufunguo. Bilha akabaki mlangoni na kipande cha keki, akibembeleza. Tulisikia jibu sote tuliokuwa tukivaa viatu.

"Na wewe pia."

Jumatatu asubuhi Bi Opal alipiga simu mwenyewe ofisini kwa Kamande, akaomba mhudumu mwingine. Hakusema sababu. Kamande hakuwa na la kufanya. Akampeleka Cherono, mhudumu wake mwingine, kwa Bi Opal, na Bilha akapelekwa Germantown kwa mzee aliyelala mchana kutwa. Ilikuwa basi, treni, kisha basi tena, na huko anakwenda kukaa kwenye nyumba mpya ya vyumba vitupu akisikiliza mtu akikoroma.

Bilha alikonda. Usifikiri natia chumvi. Jioni moja nilikwenda kwake akaniwekea kikombe mezani na kuniuliza, "Unataka sukari?" Nikajua huyu mtu anaumwa. Hakujua amekosa nini, na hilo ndilo lilimla. Kosa unalolijua unaliomba radhi, yakaisha au yasiishe. Yeye alikuwa akiirudiarudia siku ile kichwani, mara anasema ni keki, labda mzee hali njugu, mara anasema ni sisi tulikuwa wengi. Cherono naye alileta habari kwamba Bi Opal hagusi chakula, anakunywa maji na kukaa gizani, na ile picha ameigeuza uso ukutani.

"Atakufa akinikasirikia," Bilha aliniambia, "na mimi nitakaa na hiyo kitu hadi nizeeke."

Nikamwambia kama anataka kujua, kuna njia moja tu, na ni njia ambayo yeye haijui. Alinitazama kwa hasira, kisha akavaa koti. Alinilazimisha niende naye. Kwa hilo hakuwa amebadilika.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Majani ya miti yalikuwa yameshuka barazani kwa Bi Opal na hakuna aliyeyafagia. Bilha aligonga. Tukasikia nyayo zikija, zikasimama nyuma ya mlango.

"Mama, ni mimi," akasema. "Sikuja kufanya kazi. Nimekuja kukuuliza nilikosea wapi."

Mlango haukufunguka. Mimi nilikuwa tayari kugeuka. Halafu mlango ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa bado umeshikilia, na jicho moja likamtazama Bilha kutoka juu hadi chini.

"Kwanza wewe niambie," Bi Opal alisema. "Ulipoiona picha ile, uliona nini?"

Waliongea Kiingereza, kila mmoja na chake. Mimi nayaandika kwa Kiswahili. Bilha alimweleza yote, amesimama barazani na mkoba mkononi. Sikio la kulia. Namba ya faili. Mkate na maziwa. Alisema aliona msichana mwenye safari, aliyeambiwa geuza uso hivi, usicheke, akatii kwa sababu anataka karatasi zake zitoke salama. Akafungua mkoba akatoa picha yake mwenyewe ya kadi ya ukaazi, akaipitisha kwenye ule upenyo wa mlango.

Bi Opal aliitazama muda mrefu. Kisha mlango ukafungwa, mnyororo ukatolewa, na ukafunguliwa wote.

Tulikaa jikoni. Alitueleza bila kulia, akikunja na kukunjua kitambaa cha mezani. Alizaliwa milimani Virginia, mama yake akafa, baba akawa mlevi, na watoto wakatawanywa. Yeye akachukuliwa na kuwekwa kwenye nyumba ya serikali kwa wale waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili. Alikuwa anajua kusoma. Aliacha shule kwa kukosa viatu. Siku moja wakaja mabwana na mizani na koleo za chuma, wakawapima vichwa wasichana, upana na urefu, wakaandika. Mwenye kamera akamwambia akae. Yeye akasema hataki. Bwana yule akamwita mwenzake aje amshike kichwa kwa nyuma, na picha ikapigwa.

"Na baadaye wakanifanyia operesheni," alisema. "Waliniambia ni kidole tumbo."

Walter na yeye walisubiri mtoto miaka mingi kabla daktari mmoja hapa mjini hajawaambia ukweli.

Nilisoma baadaye, maktaba, kwamba Virginia walifungwa uzazi watu maelfu kwa namna hiyo na kwa sheria, na kwamba gavana aliomba radhi mwaka mmoja tu kabla ya haya ninayosimulia. Waliiita elimu ya kuboresha kizazi, yujeniksi kwa lugha yao, yaani kuwachagua watu kama mtu anavyochagua dume la kupandisha ng'ombe wake. Na kamera ndiyo iliyokuwa shahidi wao. Wakimtaka mtu aonekane mjinga, walimpiga akiwa amechoka, ameogopa, amenyolewa vibaya. Na kama haikutosha, wino uliongezwa. Nikasoma pia kwamba Nairobi, miaka hiyohiyo ya thelathini, walikuwapo madaktari wazungu waliopima vichwa vya Waafrika kutafuta ushahidi kwamba akili zetu ni pungufu. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani. Nilikasirika, na hasira yenyewe sikuwa na mtu wa kumpelekea.

Lakini siku ile jikoni sikujua hayo. Bi Opal aliendelea. Alipofikisha miaka kumi na minane walimtoa akafanye kazi za ndani kwa familia moja. Familia ile ilikwenda kwenye maonyesho ya kilimo, kama yetu ya Nanenane, ikamchukua abebe mtoto. Karibu na mabanda ya nguruwe palikuwa na hema, na ndani ya hema ubao, na kwenye ubao picha za watu zimepangwa safu kwa safu. Alijiona. Macho yake walikuwa wameyapaka wino yakawa mazito, na mdomo wameutia kivuli ukaonekana umelegea. Chini yake pameandikwa kwamba mtu wa namna hii asizae. Watu walikuwa wamesimama pale nusu duara, wanakula peremende na karanga, wanamtazama.

Bilha aliweka mkono mdomoni. Mimi niliikumbuka sahani yangu ya keki, na sikujua pa kuweka macho.

"Ndiyo," Bi Opal akasema. "Hivyohivyo."

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Lakini hukuniuliza. Yule wa kamera alikuwa mtu mbaya na wewe si mtu mbaya, ila wote wawili hamkuniuliza."

Bilha hakujitetea. Nimemjua miaka mingi na sijawahi kumwona akiambiwa jambo akalipokea hivyo, lote. Aliitikia kwa kichwa tu, machozi yakimshuka, na alipoweza kusema alisema pole, akairudia kwa Kinandi pia, bila kujua nadhani.

Halafu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya zile koleo, akaanza kumweleza habari za babu yake. Babu alipokuwa kijana walikuja wazungu wawili na chifu, wakawapanga wanaume, wakawapima vichwa kwa chuma, wakawapiga picha mbele na ubavuni. Hakuna aliyewaambia ni ya nini. Babu akaamua mwenyewe kwamba wanapimiwa kofia.

"Kofia?" Bi Opal aliuliza.

"Za serikali. Alizingoja hadi alikufa. Kila gari ya serikali ikipita alikuwa anasema, labda leo wameleta."

Bi Opal alimtazama, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani sasa ndiyo analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Bilha akacheka huku bado analia, nami nikainuka nikawasha jiko kwa sababu mtu mmoja ilibidi afanye kitu cha maana. Bi Opal alikula mayai mawili jioni ile. Kesho yake akampigia Kamande, akamwambia anamtaka Mnandi wake.

Lakini jambo lenyewe lilikuwa halijaisha. Picha ile haikuwa imekaa kwenye droo miaka yote. Ililetwa Agosti na binti mmoja anaitwa Dana, wa chuo fulani kilichokuwa kikiandaa maonyesho mjini kuhusu watu wale na kamera zao. Alikuwa ameikuta picha ya ubaoni, na ameikuta pia ile ya kwanza kabisa, kabla ya wino. Alimtafuta Bi Opal mpaka akampata, akamwachia nakala ya ile ya ubaoni, akamwomba afikirie. Angerudi Alhamisi ya wiki ile kuchukua jibu.

Hizo siku zote Bi Opal hakulala vizuri, na Bilha hakulala kabisa. Bilha alitaka picha zile zitundikwe. Aliniambia ngazini, alikuwa amechemka.

"Ziwekwe zote mbili, ile poa na ile walipaka wino. Na jina lake full. Watu waone vile walimdanganya. Si hiyo ndiyo justice?"

"Umemwambia?"

Alitikisa kichwa kukataa. Akasema, "Aliniuliza mimi naona aje. Nikamwambia, Mama, wewe unataka nini. Akaniambia hajui, kwa sababu hiyo swali ni ngeni."

Alhamisi nilibadilishana zamu nikaenda, kwa kuwa Bilha alisema akiwa peke yake ataropoka. Dana alikuwa binti mpole, mwenye viatu vya mvua na sauti ya kanisani. Aliziweka picha mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Nilikuwa sijaiona ile ya kwanza. Msichana yuleyule, lakini macho ni meupe, makali, yamekasirika. Mdomo umefungwa kabisa. Ndiyo sura ya mtu aliyesema hataki.

Dana alieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Alisema picha nyingine wanazo, ila hii ndiyo pekee yenye ya kabla na ya baada. Mtu akizitazama mbili hizi, hahitaji kuelezwa zaidi. Anauona uongo kwa macho yake. Alisema bila hizi wageni wataambiwa tu, na watu wakiambiwa tu husahau. Jina wangeliweka au wasingeliweka, kama apendavyo. Kila neno lilikuwa la kweli. Mimi mwenyewe, kama ningeulizwa, ningesema ndiyo.

Bi Opal alisikiliza hadi mwisho.

"Watu watakuwa wamesimama?" akauliza.

"Ndiyo, Bi Opal."

"Mbele yangu. Wananitazama."

"Ndiyo. Lakini safari hii watakuwa upande wako."

Bi Opal akamgeukia Bilha. Bilha alikuwa ameshika ukingo wa kiti, na nilijua kila kitu alichotaka kusema kilikuwa pale mdomoni, kimejipanga. Hakusema. Alimtazama tu Bi Opal usoni na kungoja, na nadhani hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizomfanyia.

"Hapana," Bi Opal akasema.

Dana alishusha pumzi. Alizitazama picha zake mbili, nikaona jinsi zinavyomuuma kuziacha. Kisha akazikusanya, akaziweka zote mbele ya Bi Opal.

"Sawa, Bi Opal. Tutaziondoa. Hizi ni zako."

Bi Opal hakuzigusa. Alikaa vilevile, ameinamia mbele kidogo, anangoja neno la pili. Lile la lakini. Mvua ilikuwa ikipiga bati la baraza.

"Ni hivyo tu?" akauliza hatimaye.

"Ni hivyo tu."

"Nimesema hapana, na wewe umesema sawa."

"Ndiyo."

Bilha akanyoosha mkono katikati ya meza, akauacha hapo wazi, na baada ya muda Bi Opal akaushika kwa nguvu mpaka vifundo vyake vikawa vyeupe.

"Rudia," alimwambia Dana. "Tafadhali. Rudia ulivyosema."

Dana akarudia, polepole, akitaja na jina lote la Bi Opal.